Kumchagulia Mtoto Mwenye Kipawa Shule ya Kibinafsi Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wazazi huniuliza maswali haya kila Novemba, shule zikifungwa na kila mtu akiwa mbioni kutafuta nafasi ya Januari. Huyauliza tena katikati ya mwaka, hasa wanaolenga shule zinazoanza mwaka Agosti au Septemba. Katika majibu mengi utaona narudi kwenye jambo moja: mtoto wako akimaliza kazi kabla ya wenzake, atapewa nini? Shule yenye jibu la kueleweka ndiyo ya kuitafuta, iwe ina bwawa la kuogelea au haina.

## Kumfahamu mtoto kwanza

Nitajuaje kama mwanangu ana kipawa, au ana kichwa chepesi tu?

Tazama kasi yake, kina cha maswali yake, na jinsi anavyong'ang'ania jambo. Mtoto aliyejifunza kusoma mwenyewe kwa maandishi ya matatu kabla hajaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anayeshika maelezo aliyoyasikia mara moja, au anayekaa na jambo moja wiki nzima mpaka alielewe, anastahili kuangaliwa kwa karibu. Watoto wetu wengi wanajua maji hujaa na kupwa. Lakini yule wa miaka sita anayegundua kwamba leo maji yamechelewa kujaa karibu saa nzima kuliko jana, akataka sababu, kisha akauliza mwezi unahusikaje na bamvua, ameshafika mahali ambapo masomo ya Gredi ya 1 hayamfikishi.

Alama peke yake zitakupoteza. Wapo wanaopata mia kwa mia kwa sababu mama hukaa nao kila usiku, na wapo wenye kipawa wanaopata sitini kwa kuwa hawaoni haja ya kuandika hatua za hesabu ambayo jibu lake wameshaliona. Usishangae pia akizungumza kama mtoto wa miaka kumi kisha akalia kama wa minne kwa kunyang'anywa kalamu. Akili, hisia na mikono ya watoto hawa mara nyingi havikui kwa mwendo mmoja.

Nimpeleke apimwe akili kabla ya kutafuta shule?

Si lazima. Kipimo kina faida pale ambapo kuna fumbo: mtoto anayejua mengi lakini hasomi vizuri, au mtoto ambaye walimu wawili wamemweleza kwa namna zinazopingana. Hapo muone mwanasaikolojia wa watoto, au uanzie kwenye kituo cha tathmini cha serikali, kinachojulikana kwa kifupi EARC. Vituo hivi vipo tangu 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuelekeza kilicho karibu. Wazazi wengi hudhani vituo hivi ni vya watoto wenye ulemavu tu, na hivyo hawaulizi.

Jambo la kuzingatia ni lugha. Vipimo vingi vilitungwa ng'ambo, na mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza darasani anaweza kuonekana wa kawaida kwa sababu tu hakulijua neno moja. Muulize mpimaji kama atatumia pia kipimo cha maumbo, kwa mfano kile cha Raven, ambacho hakitegemei maneno.

Mwalimu ananiambia mwanangu ni mtundu na hatulii. Inawezekana kweli ana kipawa?

Inawezekana sana. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la Gredi ya 3 katika shule moja hapa kisiwani, nikimtazama mtoto aliyepewa hesabu kumi za kugawanya. Alizimaliza feni ikiwa haijaanza hata kupuliza hewa vizuri baada ya stima kurudi. Akaambiwa alaze kichwa juu ya dawati awangoje wenzake. Baada ya dakika chache alikuwa ameivunja rula ya jirani yake, na kwenye ripoti ya muhula ikaandikwa kwamba ana shida ya nidhamu. Yule hakuwa mtundu. Alikuwa hana kazi.

Hata hivyo, utundu peke yake hauthibitishi kipawa. Jaribu nyumbani: mpe jambo gumu analolipenda, umuone kama anatulia. Akitulia saa nzima, tatizo huenda liko kwenye kazi anayopewa. Asipotulia hata hapo, soma jibu la mtoto mwenye kipawa na shida ya kusoma, kwenye sehemu ya mwisho.

Sheria ya Kenya inawatambua watoto hawa?

Ndiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapofafanua elimu ya mahitaji maalum inawataja wenye vipawa na vipaji pamoja na wenye ulemavu. Hakuna fedha zitakazokufikia kwa sababu ya kifungu hicho, lakini kinakupa msimamo. Unapomwomba mwalimu mkuu mtoto apewe kazi inayomfaa, huombi upendeleo.

## Aina za shule na mitaala

Kuna shule ya watoto wenye vipawa peke yao hapa Mombasa?

Usiingoje. Shule za kibinafsi tulizonazo, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Tudor, Kizingo na Changamwe, huwapokea watoto wa viwango mbalimbali darasa moja. Kinachotofautiana ni mwalimu anavyolishughulikia darasa hilo. Kwa hiyo badala ya kuuliza ni shule gani ya wenye vipawa, uliza ni ipi inayomruhusu mtoto kwenda mbele bila kumfanya kioja.

Mtaala wa Kenya, wa Uingereza au IB: upi unamfaa zaidi?

Kila mmoja una mlango wake. Mtaala wetu wa umilisi una miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari ya juu. Kuanzia Gredi ya 10 mwanafunzi huchagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwa maandishi, huu ni mtaala mzuri kwa mtoto mwenye kipawa, maana una miradi na tathmini za mara kwa mara. Shida huja pale shule inapougeuza kuwa kazi ya kukata maboksi na kuchapisha picha saibani, kazi ambayo mwishowe huifanya mzazi.

Mtaala wa Uingereza huelekea mitihani ya IGCSE, kwa kawaida mtoto akiwa na miaka kumi na sita hivi, kisha A-Level. Ubora wake kwa watoto hawa ni kina: kwenye A-Level kijana hubaki na masomo matatu au manne tu na kuyachimba. IB, yaani mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate, nayo hutaka upana pamoja na kina. Mwanafunzi wa Diploma husoma masomo sita na huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000 juu ya mada aliyoichagua mwenyewe. Kwa mtoto asiyekinai maswali, insha hiyo ni zawadi. Hapa mjini, Aga Khan Academy ya Kizingo, iliyofunguliwa 2003, ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa mtaala wa IB.

Maoni yangu: chagua kwa kutazama mtaala atakaomalizia nao. Kama unaona atasoma chuo kikuu cha umma nchini, mtaala wa Kenya una njia fupi zaidi, kwa sababu vyeti vya kigeni huhitaji kulinganishwa rasmi kwanza. Kama nyinyi ni familia inayohamahama kwa kazi, mtaala wa kimataifa utamfuata popote. Kurukaruka kati ya mitaala mtoto akiwa na miaka kumi na miwili au zaidi humgharimu sana, hata akiwa na akili namna gani.

Tunataka shule yenye mtaala jumuishi wa dini. Hatalemewa?

Mtoto mwenye kipawa cha kumbukumbu mara nyingi hung'ara kwenye kuhifadhi Kurani, na nimeona wengi ambao chuoni, yaani madrasa, ndiko walikojifunza kwanza kukaa na jambo gumu mpaka waliweze. Cha kutazama ni ratiba. Shule iliyounganisha masomo yote ndani ya siku moja humwacha mtoto na jioni yake. Shule ya kawaida hadi saa kumi, kisha madrasa hadi magharibi, kisha kazi za nyumbani hadi saa nne usiku, haimwachii nafasi ya kucheza wala ya kuwaza. Muulize mwalimu mkuu na ustadh wakiwa pamoja, kila mmoja asikie mwenzake anataka nini.

Kwani shule ya serikali haifai?

Inaweza kufaa kabisa. Mwalimu mmoja mwenye jicho katika shule ya umma ya Majengo ni bora kuliko wanne wasioona katika jengo la vioo. Kinachowasukuma wazazi ni wingi wa watoto darasani, na hilo ni hoja ya kweli. Lakini zipo shule za kibinafsi zenye watoto arubaini na tano kwa darasa moja na karo ya juu. Hesabu madawati mwenyewe.

## Siku ya kutembelea shule

Nikienda kuitazama shule, nitazame nini hasa?

Kwanza, usiende siku ya wazi peke yake. Siku hiyo kuta zimepakwa rangi na watoto wamefunzwa kuamkia. Omba kwenda siku ya kawaida ya masomo, katikati ya wiki, asubuhi kabla joto halijawachosha watoto, ukae darasani kwa kipindi kizima. Shule ikikataa kabisa, hilo ni jibu.

Ukikaa, usimtazame mwalimu. Tafuta mtoto anayemaliza wa kwanza. Anafanya nini? Kuna shule ambako hupewa hesabu nyingine kumi za aina ileile, yaani adhabu ya kuwa mwepesi. Kuna ambako hugeuzwa mwalimu msaidizi kila siku, jambo zuri mara moja moja lakini si kazi ya mtoto wa miaka minane. Na kuna ambako atainuka bila kuomba ruhusa, aende kwenye kona ya vitabu au achukue kadi yenye swali gumu zaidi, na mwalimu baadaye apite kumuuliza amefika wapi. Umeipata.

Kisha omba kuona madaftari, matatu ya watoto tofauti wa darasa moja. Fungua ukurasa wa tarehe ileile kwenye yote. Kama kazi ni ileile, neno kwa neno, na alama nyekundu ni zilezile, basi maneno yote ya ofisini kuhusu kumlea kila mtoto kwa uwezo wake hayajafika darasani. Tazama pia mtoto akikosea mwalimu huandika nini. Neno moja la "umeifikiriaje hii?" pembeni ya jibu baya linanipa matumaini kuliko vikombe vyote vilivyopangwa pale mapokezi.

Mwisho pita maktabani, uguse vitabu. Vumbi halidanganyi. Uliza kama mtoto wa Gredi ya 3 anaruhusiwa kuazima kitabu cha Gredi ya 6.

Nimuulize nini mwalimu mkuu?

Yaulize yanayodai mfano. "Nieleze mtoto mmoja aliyekuwa mbele ya darasa lake mwaka jana, mlimfanyia nini?" Mwalimu mkuu anayejua kazi yake atakueleza papo hapo, bila kutaja jina. Anayekujibu kwamba watoto wao wote ni mabingwa hajakujibu.

Uliza pia mwalimu wa darasa hubadilishwa mara ngapi katikati ya mwaka. Watoto hawa hushikamana na mtu anayewaelewa, na shule inayopoteza walimu kila muhula haitakuwa na yeyote anayemjua mwanao.

Shule ikiongoza kwa mitihani, si dalili tosha?

Ni dalili kwamba inajua kuandaa watoto kwa mitihani. Uliza njia: je, watoto wazito wa kuelewa huombwa kimyakimya kuhama kabla ya mtihani? Je, Gredi ya 9 nzima ni marudio? Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 na wa KJSEA wa Gredi ya 9 una uzito, lakini mtoto mwenye kipawa anayefanyishwa karatasi za mazoezi miaka mitatu mfululizo huchoka na masomo yenyewe.

Nihakikishe vibali gani?

Omba kuona cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu na uulize kama walimu wana nambari za usajili za TSC, tume ya walimu, kwa kuwa sheria inadai hivyo hata kwa shule za kibinafsi. Kama shule inadai ni kituo cha mitihani ya Cambridge au shule ya IB, thibitisha kwenye tovuti ya taasisi husika. Viboko vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001; ukiuona ufito darasani, shukuru kwa chai uende zako.

## Karo na safari

Nitajuaje gharama halisi?

Omba karatasi moja yenye kila kitu: karo, basi, chakula, sare, vitabu, mitihani, safari za masomo na ada ya kuingilia isiyorudishwa. Kisha uliza karo ilipanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita. Mtoto wako ana zaidi ya miaka kumi ya kusoma, kwa hiyo karo utakayoiweza muhula mmoja kwa mkopo wa sako haifai. Bora shule ya kati utakayoilipa bila jasho, pesa ya vitabu ibaki.

Kuna msaada wa karo kwa mtoto mwenye kipawa?

Upo, lakini hutaka uulize mapema. Aga Khan Academy ya hapa hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia baada ya mtoto kufaulu usaili. Shule nyingine hupunguza karo kimyakimya kwa mtoto wa tatu au kwa aliyefanya vizuri, na hazitangazi. Kwa ngazi ya sekondari, M-Pesa Foundation Academy ya Thika na Starehe ya Nairobi huwapokea watoto wenye uwezo kutoka familia zisizojiweza. Zote ni za bweni, basi soma jibu la bweni kwanza.

Usione haya kuulizia msaada. Wasimamizi wa shule huulizwa kila siku.

Tunakaa Likoni na shule tunayoipenda iko Nyali. Inafaa?

Safari ipimeni kwa saa ya kuamka. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akavuka feri, akapita mjini hadi daraja la Nyali, atafika darasani akiwa ameshatumia nusu ya nguvu zake. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia nyingine kwa watu wa kusini, ila kwa anayekwenda Nyali huo ni mzunguko mrefu. Wa Mtwapa nao wanajua foleni ya asubuhi. Fanyeni safari hiyo mara moja siku ya shule, kwa saa zake hasa, mtoto akiwemo, kabla hamjalipa chochote.

Kwa mtoto chini ya miaka tisa, mimi ningechagua shule iliyo karibu yenye mwalimu mzuri kuliko yenye jina iliyo mbali.

## Mambo yanayowatatiza wengi

Tumrushe darasa?

Kuna watoto wanaofaidika sana, hasa akiwa mbele katika masomo yote, akipenda mwenyewe, na akiwa na marafiki wakubwa kuliko yeye. Katika mtaala wa Kenya ni rahisi zaidi mapema. Kuanzia Gredi ya 3 mtoto hupewa nambari ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, na matokeo ya miaka inayofuata hufuatana naye, kwa hiyo kuruka Gredi ya 5 au ya 6 kunaacha pengo kwenye rekodi. Shule za mtaala wa Uingereza huwa na uhuru zaidi wa kumweka mtoto darasa linalomfaa.

Kabla ya hapo omba kitu chepesi: aende darasa la juu kwa hesabu tu, arudi kwa wenzake kwa mengine. Vipindi vya hesabu vya madarasa yote mawili vikipangwa saa ileile, inawezekana, na haimtoi kwa marafiki zake.

Tumwongeze tuisheni?

Ya kurudia yale ya darasani, hapana. Anayajua. Tena tuisheni ya likizo imekatazwa na sheria ile ile ya 2013. Kama mna pesa ya ziada, itumieni kwa kitu asichokipata shuleni: kuogelea, udi, kompyuta, chesi. Mpelekeni Fort Jesus mkiwa na daftari la kuchora, au mwone jinsi mvuvi anavyosoma upepo. Mtoto anayependa bahari ajue kwamba Mkomani kuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, na kwamba kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Kipawa chake kiko kwenye jambo moja tu, na kwingine ni wa kawaida. Anahesabika?

Anahesabika kabisa. Mji huu ulimtoa Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake yanasomwa karibu miaka mia mbili baadaye, na hakuna anayeuliza hesabu alipata ngapi. Kama mwanao anatunga, anachora au anapiga ala, itazame shule kwa macho hayo: inashiriki tamasha za muziki na drama? Somo la sanaa lina mwalimu wake, au hupewa yeyote mwenye kipindi wazi? Mengine yote mwacheni awe wa kawaida kwa amani.

Anaeleza mambo makubwa kwa mdomo lakini kusoma na kuandika kunamshinda.

Huenda ana vyote viwili: kipawa, na tatizo kama disleksia. Watoto hawa ndio wanaoumia zaidi, kwa maana kipawa hulificha tatizo na tatizo huficha kipawa, kisha kila mtu husema ni mvivu. Hapa kipimo ni cha lazima. Mtafutie shule itakayomruhusu kujibu kwa mdomo, itakayomwongezea muda wa mtihani, na ambayo haitamnyima kazi ngumu eti kwa sababu hati yake ni mbaya. Muulize mwalimu mkuu neno disleksia, uone kama analijua.

Vipi bweni?

Chini ya miaka kumi na miwili, sishauri. Baada ya hapo, mpelekeni tu kama anataka mwenyewe na kama kuna mtu mzima shuleni atakayekuwa wake wa kumwendea. Mtoto wa fikra nyingi hulala na mawazo mengi pia, na usiku wa bwenini ni mrefu.

Tukimlipia yeye shule ya gharama, ndugu zake watajisikiaje?

Watajisikia vibaya msipowaeleza. Tumieni sababu inayomhusu kila mmoja: huyu anahitaji kazi ya namna hii, yule anahitaji uwanja wa mpira. Msimwite mmoja "yule mwenye akili" mbele ya wengine, hata bibi akija, hata kwa utani. Na msimpeleke mdogo shule ileile kwa kudhani atafanana na mkubwa wake.

Tumeshamhamisha mara moja, bado hana raha. Tumhamishe tena?

Kwanza jueni kama tatizo ni kazi, ni watoto wenzake, au ni mwalimu mmoja. Muulizeni mkiwa garini au mkitembea, si mezani uso kwa uso. Kisha ombeni kikao na mwalimu wa darasa, mkubaliane mambo mawili au matatu yaliyoandikwa, mkiyapa nusu muhula. Shule nyingine hubadilika kabisa zikiombwa kwa heshima na kwa uwazi.

Ikishindikana, mhamisheni mwisho wa mwaka. Kabla hamjasema lolote, soma tena fomu uliyotia saini: shule nyingi za kibinafsi hudai taarifa ya muhula mzima, la sivyo utalipa karo ya muhula huo. Chukueni ripoti zote, nambari yake ya tathmini na barua ya kuhama, na madaftari yake msiyaache, kwa sababu mwalimu mpya atamjua mtoto kwa kurasa hizo haraka kuliko kwa ripoti.